HONGO YA ROHO: KAULI YA MWISHO YA ASKOFU HANNINGTON NA LUGHA YA KAFARA NA MSAMAHA KATIKA NJIA YA MARACHI

Maneno ya mtu anayekufa hupewa uzito ambao maneno yake mengine hayakupewa. Watu waliompuuza alipokuwa mzima huinama kumsikiliza anapokaribia kukata roho, na watokapo kitandani pake huyachukua waliyoyasikia, au waliyodhani wameyasikia, wakayafanya usia. Kiswahili kilikwisha kulitambua jambo hili zamani. Kufa huitwa kuaga dunia, yaani tendo la mwisho la mwanadamu limepewa jina la kitenzi cha kusema. Tena liko neno buriani, ambalo wengi siku hizi hulitumia kama kwaheri tu. Katika matumizi ya pwani kutakana buriani ni kuagana pamoja na kuombana radhi, ili aendaye asiende na kinyongo wala abakiye asibaki nacho. Kwa msamiati huo, anayekufa ana mambo mawili ya kusema: kwamba anakwenda, na kwamba yaliyopita yasamehewe.

Mafundisho ya Kikristo nayo yamezitegemea sana kauli za namna hiyo. Injili nne kwa pamoja zinataja kauli saba za Yesu msalabani: tatu ziko katika Luka, tatu katika Yohana, na moja imo katika Mathayo na Marko. Kauli hizo huhubiriwa kila Ijumaa Kuu, na zimekuwa kipimo cha vifo vya Wakristo wengine. Anayeuawa kwa ajili ya imani hutazamiwa aitoe roho yake kama dhabihu na awasamehe wanaomwua, tena ayaseme hayo kwa kinywa chake mbele ya watu. Kwa mhubiri maneno hayo ni hazina. Kwa mwanafunzi wa lugha ni hazina yenye maswali: ni nani aliyeyasikia, yalipita katika vinywa na lugha zipi kabla ya kuandikwa, na kila lugha iliyoyapokea iliongeza nini au ilipunguza nini? Makala haya yanayauliza maswali hayo juu ya kifo kimoja kilichotokea mwaka 1885 kwenye njia inayopita katika nchi ya Wamarachi kuelekea Uganda, na juu ya kifo cha pili kilichofuata siku 17 baadaye kwa sababu ya kile cha kwanza.

MLANGO WA NYUMA

Wamarachi ni mojawapo ya makundi madogo ya Waluhya. Nchi yao, ambayo kitovu chake ni Butula, imepakana na Wanga upande wa mashariki, Wakhayo upande wa kaskazini, Wasamia upande wa magharibi na Wajaluo wa Ugenya upande wa kusini. Leo nchi hiyo imo katika kaunti ya Busia, na wasafiri waendao Uganda huvuka mpaka katika miji ya Busia na Malaba. Lakini mpaka huo ni wa juzi. Hadi mwaka 1902 sehemu hii yote ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Himaya ya Uganda. Mwaka huo jimbo likahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, na ndugu waliosema lugha moja wakajikuta pande mbili. Wamisionari wa Mill Hill, waliowafikia Waluhya wakitokea Uganda, walikuja na vitabu vya sala vya Kiganda, na hivyo habari za mashahidi wa Uganda zilifika Marachi pamoja na katekisimu. Hazikuwa habari za ng'ambo.

Katika karne ya 19 ukanda huu ulikuwa mlango wa Busoga, na Busoga ilikuwa mlango wa nyuma wa Buganda. Mlango wa mbele ulikuwa kusini mwa ziwa. Huko ndiko walikopitia wafanya biashara wa Zanzibar, na wamisionari wa Kiingereza waliofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, na Mapadre Weupe waliofika mwaka 1879. Ilikuwako imani katika Buganda kwamba watakaoila nchi watatokea mashariki, na mgeni aliyekuja kwa njia ya Busoga alitazamwa kwa jicho hilo. Kabaka Mwanga, aliyerithi kiti mwaka 1884 angali kijana, alikuwa na sababu nyingine mpya ya kuogopa: mwaka 1885 habari zilikuwa zimeingia kwamba Wajerumani wanajitwalia nchi upande wa pwani.

James Hannington, askofu wa kwanza wa dayosisi iliyoitwa Afrika Mashariki ya Ikweta, aliichagua njia hiyo hiyo. Alikuwa amewekwa wakfu mwezi Juni 1884. Alipojaribu kufika Uganda kwa njia ya kusini miaka miwili kabla ya hapo, ugonjwa ulimrudisha Uingereza, na njia ya Umasai ilionekana fupi na yenye hewa njema zaidi. Aliondoka Rabai mwezi Julai 1885 na msafara wa watu wapatao 200. Pamoja naye alikuwako William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kulelewa India, ambaye Hannington alikuwa amempa ushemasi mwaka huo huo. Mwezi Oktoba walifika mahali ambapo wapagazi walipaita Kwa Sundu, ndipo Mumias ya leo. Jina lilikuwa la Shiundu, mtawala wa Wanga aliyekuwa amekwisha kufa. Aliyetawala ni mwanawe Mumia. Hapo Hannington alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akachukua watu 50, akashika njia ya magharibi ielekeayo Busoga. Tarehe 21 Oktoba alikamatwa katika nchi ya Luba, chifu wa Busoga, akafungiwa kibandani siku nane wakati wajumbe wakienda na kurudi kwa Mwanga. Tarehe 29 Oktoba aliuawa pamoja na wengi wa watu wake.

KAULI MBILI ZA MTU MMOJA

Hannington aliacha kauli mbili za mwisho, na tofauti baina yake haijapewa uzito unaostahili.

Ya kwanza ni ya kalamu. Siku zote za kifungo aliandika katika kijitabu chake cha kumbukumbu, na kijitabu hicho kilisalimika: kilinunuliwa kutoka kwa mmoja wa waliokuwapo, kikafikishwa kwa wamisionari. Maandishi ya siku ya mwisho ni mafupi. Anasema hana habari yoyote aliyoisikia, kwamba Zaburi ya 30 ilimpa nguvu, na kwamba usiku fisi alilia karibu naye, kana kwamba amenusa mgonjwa, naye anatumaini fisi huyo hatampata bado. Hamna kafara humo. Hamna msamaha wala laana. Kuna mtu mgonjwa aliyechoka, anayeshika zaburi kwa mkono mmoja na mzaha kwa mkono wa pili.

Ya pili ni ya mdomo. Inasimuliwa kwamba, walipokuwa karibu kumwua, aliwaambia askari wamweleze mfalme wao kwamba anakufa kwa ajili ya Waganda, na kwamba ameinunua njia ya Buganda kwa uhai wake. Kauli hii ndiyo iliyoenea. Iliingia katika kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na E. C. Dawson na kuchapishwa London mwaka 1887, chini ya miaka miwili baada ya kifo chenyewe, na kutoka hapo ikaingia katika mahubiri na vitabu vya shule.

Ni rahisi kwa mchunguzi kusema kwamba ile ya kwanza ndiyo ya kweli kwa kuwa imeandikwa na mwenyewe, na ya pili ni ya kutungwa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mtu huandika asubuhi bila kujua kwamba atauawa alasiri, na akisimama mbele ya mikuki ana jambo jingine la kusema. Lililo dhahiri ni kwamba kauli ya pili ilisafiri. Habari zake zilitoka Busoga kwa mikondo miwili. Mmoja ulikuwa wa wapagazi wachache waliosalimika, waliorudi kwa Jones wakipita katika nchi hii ya mpakani; lugha yao ilikuwa Kiswahili cha misafara. Wa pili ulikuwa wa watumishi vijana wa ikulu ya Mwanga, waliowapelekea habari wamisionari Mackay na Ashe kwa siri. Lugha yao ilikuwa Kiganda. Kiingereza cha kitabu cha London kilikuja mwisho. Kwa hiyo atakaye kuielewa kauli ile hana budi kuirudisha nyuma hatua moja, aisikilize kama walivyoisikia wale waliokuwapo.

NJIA HUNUNULIWAJE

Katika Kiswahili cha misafara njia ilikuwa kitu cha kununuliwa hasa. Kila mtawala ambaye msafara ulipita katika nchi yake alidai hongo: nguo, ushanga, waya wa shaba. Hongo haikuwa rushwa. Maana ya leo, ya fedha itolewayo kwa siri ili kupindisha haki, imelifunika neno kiasi kwamba wanafunzi wasomapo habari za misafara hudhani kila chifu wa zamani alikuwa mla rushwa. Hongo ilitolewa mchana, baada ya mabishano marefu yaliyoweza kula siku kadhaa, na aliyeipokea alifungika kuuacha msafara upite salama. Ilikuwa mapatano yenye pande mbili.

Mtu aliyesafiri miezi mitatu akipima nguo za hongo, kisha akafungiwa kibandani mwishoni mwa safari, akisema ameinunua njia kwa uhai wake, anatumia lugha ya wapagazi wake. Bidhaa zimekataliwa, ametoa kilichobaki. Tena kauli hiyo haikuelekezwa kwa Mungu, wala kwa wasomaji wa Uingereza. Ilielekezwa kwa Mwanga, kwa kupitia askari wake, na kwa sheria ya njia maana yake ni wazi: aliyepokea hongo hana budi kufungua. Kwa masikio ya Kiswahili kauli ile ni ya dai, na dai hilo lina makali. Masikio ya mfalme aliyeogopa watu wa mashariki yangeweza kuisikia kama tishio.

Huko Uingereza ilisikika kwa namna nyingine. Msomaji wa Kiingereza hakuijua hongo. Alichokijua ni msamiati wa kanisa wa kukombolewa kwa damu, na akaipokea kauli ile kama mwangwi wa msalaba. Tofauti hii yaonekana vizuri katika maneno ambayo Kiswahili kimejaaliwa kuwa nayo, pengine kwa wingi kuliko jirani zake. Hongo hutolewa ili mtoaji apite. Fidia hutolewa ili mwingine aachiliwe, na ndilo neno lililochaguliwa na watafsiri wa Biblia ya 1952 katika Marko 10:45. Kafara hutolewa ili baya liondoke, na katika desturi za pwani kitu cha kafara hutupwa mbali kisirudi. Dhabihu huchinjwa mbele ya Mungu, na asili yake ya Kiarabu ni kuchinja tu. Tambiko huelekezwa kwa wahenga. Mhanga ulikuwa kafara kama nyingine, lakini siku hizi neno limebaki hasa katika msemo wa kujitoa mhanga, ambamo mtoaji na kitolewacho ni mtu yule yule. Mwalimu wa dini ayatumiapo maneno haya kama visawe anapoteza jambo. Kila moja lina mpokeaji wake, na swali la nani anapokea ndilo linaloamua kama kifo kimelipwa, kimetolewa au kimetupwa.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba jambo hili halikuwa la kamusi peke yake. Katika mabishano ya miaka ya 1891 hadi 1894 juu ya Uingereza kuishika au kuiacha Uganda, marafiki wa misioni walikuwa miongoni mwa waliohimiza ishikwe, na makaburi ya wamisionari yalikuwa sehemu ya hoja. Mwaka 1894 himaya ikatangazwa. Njia ya mashariki ikafunguliwa kweli: kwanza barabara ya magari ya ng'ombe iliyokwenda mpaka Port Victoria, kwa Wanyala walio jirani na Wasamia, na baadaye reli iliyopita Malaba ikafika Kampala mwaka 1931. Yule aliyesema njia imenunuliwa hakulaghai. Lakini waliopita baadaye walibeba bendera na bunduki pamoja na Biblia, na hofu ya Mwanga, ambayo vitabu vya misioni viliieleza kama upumbavu wa mpagani, haikuwa na upumbavu wowote.

KUFIA

Sehemu nyingine ya kauli ile, kwamba anakufa kwa ajili ya Waganda, inastahili kutazamwa kisarufi. Kitenzi fa kikitiwa kiambishi cha kutendea huwa fia, na kitenzi hicho kina milango mitatu. Hannington alifia Busoga: hapo ni mahali. Alifia dini: hapo ni sababu. Lakini mtoto akimfia mama yake, mama ndiye mwenye hasara, na katika kauli ya kutendwa husemwa amefiwa. Kiganda nacho kina fiirwa, kufiwa, kwa maana hiyo hiyo. Kwa hiyo asemaye kwa Kiswahili kwamba anawafia Waganda anasema mawili kwa pumzi moja: kwamba anakufa kwa ajili yao, na kwamba wao ndio watakaofiwa. Muuaji anageuzwa kuwa mfiwa. Kiingereza, chenye kihusishi kimoja chembamba mahali hapo, hakiwezi kubeba maana hiyo ya pili.

Neno mfiadini, linalotumiwa sana na Wakatoliki, limeundwa kwa kitenzi hiki hiki. Ni neno zuri, ila limeacha kitu. Neno la Kigiriki lililo asili yake ni la mtu atoaye ushahidi, na Kiarabu, kilichotupa shahidi, kimeihifadhi maana hiyo, sawa na Kiganda katika omujulizi, ambalo hutumika barazani na kanisani vilevile. Mfiadini amekufa, shahidi amesema. Ni vema lugha ikawa na maneno yote mawili, na vema zaidi mwandishi akajua ni lipi analolihitaji.

KAULI YA MUKASA

Lililo la ajabu katika kauli za Hannington ni kwamba neno la msamaha, ambalo mtu angelitazamia kutoka kwa askofu, halimo. Neno hilo lilisemwa na mtu mwingine.

Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa Mkatoliki, mkubwa wa watumishi vijana wa ikulu ya Mwanga. Alimkemea mfalme kwa kumwua mgeni bila kumsikiliza. Mkatoliki alimtetea Mprotestanti katika mji ambamo madhehebu hayo mawili hayakupendana hata kidogo, na jambo hili lafaa likumbukwe na wanaozisimulia habari hizi kwa upande mmoja. Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wakatoliki alimpa mwuaji, Mukajanga, ujumbe wa kumpelekea mfalme: kwamba Mwanga amemhukumu bila haki, lakini yeye amemsamehe kwa moyo wote, tena atubu, kwani asipotubu atakuwa mshtaki wake mbele ya Mungu.

Hapa kafara na msamaha vinakutana, na vinakutana kwa ugumu. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kufa kwake, alionyesha kwamba yako maneno ambayo hayaelezi tendo, ndiyo tendo lenyewe. Kusamehe ni mojawapo. Asemaye amesamehe, amesamehe. Lakini tendo hilo lina sharti: lazima pawe na kosa. Kumwambia mfalme kwamba amesamehewa ni kumwambia kwamba alikosa, na hakuna mtumishi wa ikulu aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia Kabaka neno hilo. Inasimuliwa kwamba Mwanga, alipopelekewa ujumbe, aliagiza mtu mwingine auawe na majivu yake yachanganywe na ya Mukasa, ili Mukasa asiweze kujitenga na kumshtaki. Yaani mfalme aliusikia msamaha kama mashtaka, akatafuta namna ya kuuharibu ushahidi. Hakukosea kabisa katika kusikia kwake. Lililompita ni kwamba mshtaki alikuwa amekwisha kumwachilia kabla ya kesi.

Lugha za pande hizi hazikubaliani juu ya msamaha umeundwa na nini. Samehe ya Kiswahili imetoka katika Kiarabu, na pembeni mwake iko radhi, inayoombwa kwa mtu, na maghufira, yanayoombwa kwa Mungu peke yake. Kiganda hutumia sonyiwa. Waluhya wana njia yao: kitenzi lekha, kuacha, hutiwa kiambishi cha kutendea kikawa lekhera au lekhela kwa kadiri ya lahaja, yaani kuachia, na hicho ndicho kusamehe. Kiganda kina leka kwa maana ile ile ya kuacha, na sauti k yake hulingana na kh ya Kiluhya kama ilivyo kawaida, lakini hakikuipeleka lekera kwenye msamaha. Mmarachi anayesamehe anaachia kitu alichokuwa amekishika. Katika mazishi ya sehemu hizi ni desturi madeni ya marehemu kutajwa hadharani, aliowadai na waliomdai, ili yalipwe au yaachwe mbele ya mashahidi. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo asikiapo Sala ya Bwana katika Mathayo ya Kiswahili, ambamo kinachoombewa msamaha kimeitwa deni, hahitaji kuelezwa mengi.

Liko pia jambo la wakati wa kitenzi. Mswahili anaposamehe hasemi kwa kawaida kwamba anasamehe. Husema, nimekusamehe. Tendo linalofanyika sasa hivi hutajwa kama lililokwisha, kana kwamba maneno yamekuja kutoa habari ya jambo lililotimia moyoni kabla ya mdomo kufunguka. Atakayemsemesha Mukasa Kiswahili ana hiari ya ninamsamehe au nimemsamehe, na la pili ndilo la Kiswahili. Kiambishi hicho hicho cha -me- ndicho kilichowafaa watafsiri wa Yohana 19:30, mahali ambapo neno moja la Kigiriki lilipata neno moja la Kiswahili: imekwisha. (Wahubiri wengi hupenda kudai kwamba neno hilo la Kigiriki liliandikwa juu ya hati za madeni yaliyolipwa. Ushahidi wa dai hilo ni dhaifu, nalo halihitajiki. Deni limo katika Mathayo tayari.)

Yafaa ikumbukwe kwamba hata kauli ya Yesu ya kuwaombea msamaha wanaomsulubisha, ambayo ndiyo mama wa kauli zote za namna hii, ina historia yake ya kupokewa. Imo katika Luka 23:34, lakini baadhi ya nakala kongwe za Kigiriki, mojawapo ikiwa ile ya Vatikani ya karne ya 4, hazina maneno hayo. Wataalamu hawajakubaliana kama yaliongezwa na wanakili au kama yaliondolewa na watu walioona msamaha huo umezidi. Kisa cha Stefano katika Matendo ya Mitume, anayekufa akiwaombea wanaompiga mawe, hutumiwa na pande zote mbili kama hoja. Kanisa halikungoja mjadala uishe. Limeyasoma maneno hayo kwa karne nyingi, na watu wamekufa wakiyarudia.

KABURI LA NAMIREMBE

Mabaki ya Hannington yalihifadhiwa Mumias, hatua chache mashariki ya Marachi, kabla ya kupelekwa Buganda na Askofu Tucker na kuzikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Maiti wa Hannington aliipita njia ile aliyosema ameinunua.

Mwaka 1977 kaburi lingine lilichimbwa kando ya lake. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari chini ya serikali ya Idi Amin. Maneno yake yanayokumbukwa ni machache: aliwanong'oneza maaskofu wenzake kwamba watamwua, na kwamba haogopi. Serikali ilitangaza ajali ya gari, na maiti wake akapelekwa Mucwini, kwao kaskazini, asizikwe Kampala. Waombolezaji walikusanyika Namirembe Jumapili iliyofuata, wakasimama penye kaburi tupu kando ya kaburi la Hannington. Mmoja wa maaskofu walionong'onezwa, Festo Kivengere, alitoroka nchi. Katika miaka hiyo wakimbizi wengi wa Uganda walikuwa wakivuka Busia na Malaba kuingia Kenya, na chuki dhidi ya Amin ilikuwa jambo la kawaida kabisa kanisani na nje ya kanisa. Kivengere alieleza kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, kauli ile ya Luka ndiyo iliyomshika: kama Yesu aliwaombea waliompigilia misumari, yeye hakuwa na njia ila kumsamehe Amin. Mwaka huo huo akatoa kitabu kidogo ambacho jina lake lasema anampenda Idi Amin. Wakimbizi wengine waliliona jina hilo kuwa gumu kulimeza, na hawana lawama. Aliyesamehe alikuwa hai, tena salama, waliokufa hawakuulizwa.

Neno hilo linairudisha habari kwa wale 50 waliotoka Kwa Sundu mwaka 1885. Vitabu vimehifadhi kauli mbili za askofu wao. Za wapagazi, waliofungwa na kuchomwa mikuki siku ile ile, hakuna hata moja. Walikuwa watu wa pwani na vijiji vya misioni, wasemaji wa lugha hii ambayo kwayo kauli ya bwana wao inaeleweka vizuri zaidi, na hakuna aliyeuliza kama nao walinunua kitu, au waliwasamehe akina nani. William Jones aliwangoja Kwa Sundu muda wa mwezi hivi baada ya habari kumfikia, kisha akawakusanya waliobaki akaanza safari ya kurudi. Msafara uliingia Rabai mwezi Februari 1886 ukitanguliwa na bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Ni jina lililomo katika kitabu cha kwanza cha Samweli, maana yake utukufu umeondoka. Aliyelitoa ni mwanamke aliyekuwa akifa kwa uzazi baada ya mumewe kuuawa vitani. Alimpa mtoto jina hilo, na Biblia haikutaja jina lake mwenyewe.